Nguo Isiyokwisha

Kabla ya lolote, niwatambulishe wasemaji. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na mtunzi wa tenzi, mtu asiyekubali ubeti mpaka auhesabu kwa vidole. Mpwa wake wa kike yuko chuo kikuu akisomea elimu ya dini, na amerudi likizo na mkoba wa vitabu. Jirani ni bibi wa Kihindu wa nyumba ya tatu, mzaliwa wa mtaa huuhuu wa Tanga. Babu zake walitoka Kathiawar, huko Gujarat, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Wote watatu nimewaunda mimi. Hoja wanazozitoa zina wenyewe, na nyingine zimegombewa kwa zaidi ya miaka elfu. Mimi ni karani wa baraza, na kama makarani wote nitachomeka la kwangu pale nitakapoona hakuna anayenitazama.

Swali lililowekwa barazani: Mahabharata na Ramayana, tenzi kuu mbili za Wahindu, ni vitabu vya dini, au ni ushairi uliopendwa mpaka ukaanza kuabudiwa?

MJOMBA: Naanza kwa hesabu. Tenzi hizi zimetungwa kwa Kisanskriti, na sehemu kubwa iko katika ubeti uitwao shloka. Shloka ina vipande vinne, kila kipande mizani 8. Jumla mizani 32. Haya, chukueni utenzi wowote wa kwetu. Vipande vinne, mizani nane nane. Thelathini na mbili! Sisemi mmoja kamwiga mwenziwe. Wao hawana vina, wanapima silabi nzito na nyepesi, jambo ambalo masikio yetu hayana habari nalo. Ila fundi wa kule na fundi wa huku wamekata kitambaa kwa pima moja, na pima yenyewe ni pumzi ya mtu anayeghani mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo mkiniuliza Ramayana ni nini, kwanza ni kazi ya fundi. Wenyewe wamekiri. Mtunzi wake, Valmiki, wanamwita adikavi, mshairi wa kwanza. Hawakumwita nabii.

Hapo akatusimulia kisa cha ndege, nami nakirudia taratibu kwa sababu kinastahili. Valmiki amekwenda kuoga Mto Tamasa. Anaona ndege wawili wa jamii ya korongo, dume na jike, wako katika mapenzi yao. Mwindaji anatokea, mshale unampata dume, anagaagaa katika damu yake, jike analia. Valmiki anamlaani mwindaji bila hata kufikiri. Kisha anashtuka: laana imemtoka kinywani ikiwa imepangika, vipande vinne, mizani nane nane. Huzuni kwa Kisanskriti ni shoka, ubeti ni shloka. Yaani ushairi ni kilio kilichoshika mizani. Nimesoma maelezo mengi ya asili ya ushairi, mengine ya watu wenye majina mazito, na sijakutana na yanayonigusa kuliko haya.

MPWA: Samahani, Mjomba, umekata kisa katikati. Baada ya ubeti ule anatokea Brahma, muumba wa ulimwengu, anamwambia Valmiki kwamba ubeti huo umetoka kwake, akautumie kutunga habari za Rama. Na Rama si shujaa tu. Kwa waumini ni Vishnu aliyeshuka duniani katika umbo la mtu. Sasa shairi lililoagizwa na Mungu, linalomsimulia Mungu, wewe unataka kuliita kazi ya fundi?

MJOMBA: Utendi wa Tambuka nao unasimulia vita vya Mtume, na unaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Umewahi kuona Mwislamu akiuweka rafu moja na Kurani?

MPWA: Hapo umenisaidia. Wahindu nao wana rafu zao. Veda ni shruti, yaani yaliyosikiwa. Hazibadilishwi hata sauti moja. Tenzi hizi ni smriti, yaliyokumbukwa. Kwenye vitabu hilo ni daraja la pili. Lakini nenda nyumba ya Mhindu wa kawaida ukaulize Veda inasemaje. Wengi hawajaifungua. Uliza Sita, mkewe Rama, alitekwaje na Ravana, mtoto wa miaka sita atakusimulia mpaka uchoke. Tena kuna sababu. Kwa desturi ya kale wanawake na watu wa tabaka la Shudra walizuiwa hata kuzisikia Veda. Mahabharata ikaitwa Veda ya tano, ikawa ya kila mwenye masikio. Walio wengi waliingilia mlango huo.

JIRANI: Mlango wa jikoni. Bibi yangu hakujua kusoma, mwanangu. Lakini Mahabharata nzima alikuwa nayo kichwani kwa Kigujarati, akitusimulia usiku tukichambua choroko. Kokoto huku, choroko kule, Bhishma katikati. Kila usiku kipande kimoja, hazidishi hata ukimlilia. Mpaka leo nikisikia choroko zinadondoka kwenye sinia, namwona Bhishma amelala juu ya mishale.

Kwa asiyeijua, Mahabharata ni ugomvi wa ukoo mmoja juu ya kiti cha enzi. Watoto wa ndugu wawili, Pandava watano na Kaurava mia, wanagombea ufalme wa Hastinapura, na mambo yanaishia uwanja wa Kurukshetra katika vita vya siku 18. Vitabu vyake navyo ni 18. Jadi inasema beti laki moja. Na neno letu "laki" lilivuka bahari kutoka hukohuko, basi hiyo ni hesabu isiyohitaji mkalimani. Mtunzi anatajwa kuwa Vyasa, ambaye ndani ya hadithi yenyewe ni babu wa pande zote mbili. Fikirini mtu anayewatungia utenzi wajukuu zake wanaouana.

MPWA: Hiyo laki moja imewatoa watu jasho. Mwaka 1919 Taasisi ya Bhandarkar, mjini Pune, ilianza kulinganisha miswada ya mkono kutoka pembe zote za India, kama 1,259, ili kutoa matini ya zamani kadiri inavyowezekana. Kazi ikaisha 1966. Mhariri mkuu Sukthankar alikufa 1943 hata nusu ya safari hawajafika. Walipomaliza kuchekecha zikabaki beti takriban 74,000. Zilizobaki nje wakaziweka chini ya ukurasa na kwenye viambatisho.

JIRANI: Wakatoa nini?

MPWA: Ganesha, kwa mfano.

JIRANI: Wamemtoa Ganesha! Basi nani aliandika?

Mnielewe uchungu wangu. Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, ndiye karani wa kwanza katika kisa hiki. Alikubali kumwandikia Vyasa kwa sharti kwamba mtunzi asipumzike hata kidogo. Vyasa naye akaweka lake: karani asiandike ubeti asiouelewa. Ikawa kila Vyasa akihitaji pumzi anatupa ubeti wa mafumbo, Ganesha anakuna kichwa, mzee anapanga unaofuata. Eti kisa hicho kimeongezwa baadaye. Inawezekana. Lakini aliyekiongeza alijua kazi ya kutunga ilivyo kuliko wahariri kadhaa niliowahi kufanya nao kazi.

MJOMBA: Wala kisikupe taabu. Hiyo ndiyo hoja yangu. Kitabu cha dini hakiongezwi wala hakipunguzwi. Hizi zimeongezwa na kupunguzwa na kila aliyepita. Tazama Ramayana: ya Kamban ya Kitamil, ya Krittivas ya Kibengali, za Java, za Thailand. Wajaini wana yao ambamo Ravana si zimwi, na anayemuua si Rama, ni mdogo wake Lakshmana. Tulsidas alianza ya kwake mwaka 1574 pale Ayodhya, kwa Kiawadhi, lugha ya wakulima, na hakuogopa kubadilisha. Kwa Valmiki, Ravana anamteka Sita mwenyewe, na Rama akimkomboa anamtilia shaka mpaka mke anaingia motoni kuthibitisha usafi wake. Tulsidas limemshinda hilo. Kwake Sita wa kweli alikwisha fichwa motoni kabla, Ravana akachukua kivuli. Halafu kile kisa cha Rama kumfukuza Sita mwituni akiwa mjamzito, Tulsidas kakiruka. Kama ni ufunuo, unaurukaje?

JIRANI: Kwa sababu kilimuuma, Mwalimu. Angekuwa hampendi Rama angekiacha kama kilivyo.

MJOMBA: Hilo ni jibu la mapenzi.

JIRANI: Sasa dini ni nini kingine? Nilikwenda mji wa Kashi na marehemu mume wangu, tukavuka Mto Ganga kwenda Ramnagar kuangalia Ramlila. Siku 31 wanaigiza Ramayana ya Tulsidas, leo uwanja huu, kesho ule, mji mzima unageuka jukwaa. Taa za karabai, vipaza sauti hakuna. Rama ni kivulana, sauti haijavunjika. Akishavikwa taji hakanyagi chini, wanambeba mabegani. Nimeona wazee wenye mvi wanamsujudia, na wanajua kabisa ni mtoto wa fulani, na mwezi ujao atarudi shule. Nikamwuliza mume wangu, huyu ni Mungu au ni mwigizaji? Akaniambia nyamaza, anaongea.

Mjomba alitaka kusema neno, akaacha. Mimi nikaongeza kwamba mwaka 1987, Ramayana ya Ramanand Sagar ilipoanza kuonyeshwa Jumapili asubuhi kwenye televisheni ya taifa ya India, kuna watu waliooga kwanza, wakavisha televisheni shada la maua na kuifukizia ubani. Na Mahabharata iliyofuata, ya B. R. Chopra, maneno yake yaliandikwa na Rahi Masoom Raza, mshairi Mwislamu. Hakuwa Mwislamu wa kwanza kushughulika nayo: mfalme Akbar aliamuru itafsiriwe Kiajemi katika miaka ya 1580, ikaitwa Razmnama, Kitabu cha Vita.

MPWA: Mnapendezesha sana. Mwaka huohuo wa 1987 serikali ya jimbo la Maharashtra ilitoa maandishi ya Ambedkar ambayo hayakuwa yamechapwa, na ndani yake anawahoji Rama na Krishna kama mashahidi kizimbani. Watu waliandamana kupinga. Ambedkar alizaliwa katika jamii iliyoitwa ya wasiogusika, kwa hiyo tenzi hizi alizisoma akiwa upande ule unaochinjwa. Ekalavya, kijana wa msituni, kajifundisha upinde mbele ya sanamu ya udongo ya Drona, mwalimu aliyemkataa. Mwalimu akija kugundua, anadai ada: kidole gumba cha mkono wa kulia. Kijana anakikata. Shambuka, Mshudra, anauawa na Rama kwa mkono wake kwa kosa la kufanya ibada ya watu wa juu. Ushairi mtupu huo, Mjomba? Ukiwa ushairi mtupu hauna wa kulaumiwa.

MJOMBA: Kisa cha Shambuka kimo katika kitabu cha saba, ambacho wataalamu wengi wanasema kiliongezwa.

MPWA: Kumbe kuongezwa kunafaa likija jambo baya. Na Ayodhya je? Tarehe 6 Desemba 1992 umati ulibomoa Msikiti wa Babri kwa imani kwamba pale ndipo Rama alipozaliwa, na ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 2,000. Kesi ikaburuzwa mpaka Mahakama ya Juu ikatoa hukumu Novemba 2019, kiwanja kikapewa upande wa hekalu, na hekalu likazinduliwa Januari 2024. Hapo utenzi uligeuka hati ya kiwanja.

Jirani alikuwa akitengeneza pindo la sari yake. Akasema bibi yake hakuwahi kuuliza Rama alizaliwa kiwanja namba ngapi. Halafu akasema yeye mwenyewe alifurahi hekalu lilipofunguliwa, na kwamba hakulala vizuri mwaka ule wa 1992, na kwamba yote mawili ni kweli. Hakuna aliyemjibu, nami sikuona la kumjibu.

Mjomba ndiye aliyetutoa hapo, kwa kulirukia jambo dogo kabisa. Mpwa alikuwa amesema kwamba kwa Valmiki, Rama anamuua Ravana kwa mshale wa kifuani, ilhali kwa Tulsidas uhai wa Ravana umefichwa kitovuni, na anayeitoa siri ni ndugu yake wa damu, Vibhishana.

MJOMBA: Kitovuni? Liyongo! Sindano ya shaba, kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe! Kikulacho ki nguoni mwako. Haya, endeleeni, nimefurahi.

Tukaendelea na Gita, na hapo nitapita haraka kwa sababu ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaijua au anadhani anaijua. Ni beti 700 ndani ya kitabu cha sita cha Mahabharata. Majeshi yamepangwa, Arjuna, mmoja wa Pandava, anawaona babu zake na walimu wake upande wa pili, anaangusha upinde, na Krishna, mwendesha gari lake la vita, anamfundisha mpaka anauokota. Tilak, mpigania uhuru wa India, aliiandikia ufafanuzi mkubwa akiwa gerezani Mandalay, akaona ndani yake wito wa kutenda, hata kwa nguvu. Gandhi, aliyeanza kuisoma akiwa mwanafunzi wa sheria London kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Edwin Arnold, alisema vita vile ni vya ndani ya moyo, na kwamba Vyasa alitunga ili kuonyesha vita havina faida. Kijitabu kimoja, wafungwa wawili wa Mwingereza, na kila mmoja kakuta alichokwenda nacho.

MPWA: Lakini Mjomba, mimi nikiambiwa nichague mahali ambapo utenzi huu ni dini, sichagui Gita. Kwenye Gita swali linajibiwa. Nachagua ukumbi wa dadu.

Nitakaa hapa kidogo. Yudhishthira, mkubwa wa Pandava, anasifika kwa ukweli na ana ugonjwa wa kamari. Anacheza na Shakuni, mjomba wa upande wa pili, ambaye dadu zinamtii. Anapoteza mali. Anapoteza ufalme. Anawaweka dau ndugu zake mmoja mmoja, wote wanakwenda. Anajiweka mwenyewe, anajipoteza. Kisha anamweka Draupadi, mke wa wote watano. Naye anapotea.

Mjumbe anatumwa kumleta. Draupadi yuko katika siku zake, amevaa nguo moja. Haji. Anamrudisha mjumbe na swali: kamwulize mcheza kamari, alijipoteza yeye kwanza au alinipoteza mimi kwanza? Kama alijipoteza yeye kwanza, alikwisha kuwa mtumwa. Mtumwa ana mali gani ya kuweka dau?

MJOMBA: Wakili.

JIRANI: Wakili gani, Mwalimu! Mke. Mke anajua kuhesabu nani alitoka na nini mfukoni, na saa ngapi.

Mjumbe anarudi, hana jibu. Dushasana, mmoja wa Kaurava, anakwenda kumburuta kwa nywele hadi ukumbini, na mbele ya wazee wote Draupadi analirudia swali lake. Bhishma, mkubwa wa ukoo, mtu aliyeacha kuoa na kutawala kwa ajili ya kutimiza ahadi, anasema dharma, yaani haki na wajibu, ni jambo la ndani sana. Asiye na mali hawezi kuweka dau mali ya mtu. Lakini mke yuko chini ya mumewe. Yeye hawezi kulikata. Drona kimya. Mfalme kipofu, baba wa Kaurava, kimya. Kijana mmoja tu wa upande wa Kaurava, Vikarna, anasimama na kusema kwamba mwanamke huyu hakushindwa. Karna, rafiki wa Kaurava, anamkemea, mtoto anajua nini.

MPWA: Mjomba, umewahi kuona kitabu cha dini kinachowaaibisha wazee wake namna hiyo? Bhishma huyohuyo, baadaye akiwa juu ya mishale, anamfundisha Yudhishthira wajibu wa mfalme kwa maelfu ya beti. Mdomo umefunguka. Siku ya ukumbini ulikuwa umefungwa.

MJOMBA: Nimekiona, na ndiyo maana nasema ni shairi. Kitabu cha dini kingempa Bhishma jibu.

Dushasana anaanza kumvua nguo. Anavuta, inatokea nyingine. Anavuta, nyingine. Nguo za kila rangi zinarundikana ukumbini mpaka mikono inamchoka na anakaa chini kwa aibu.

JIRANI: Krishna.

MPWA: Bibi, hapo ndipo penye tabu. Kitabu cha pili kilihaririwa na Mmarekani, Franklin Edgerton, kikatoka 1944. Katika miswada aliyoiona kuwa ya kuaminika hakukuta ile sala. Draupadi hamwiti Krishna, wala Krishna haji. Nguo inatokea tu. Mtunzi hasemi imetoka kwa nani. Sala wameiweka pamoja na zilizoongezwa.

JIRANI: Kama walivyomfanya Ganesha.

MPWA: Ndiyo, bibi.

JIRANI: Sikiliza. Siku moja Krishna alijikata kidole, damu ikatoka. Wanawake wa jumbani wakakimbia huku na huko kutafuta kitambaa kisichokuwa cha thamani sana. Draupadi akachana pindo la sari yake, sari nzuri, akamfunga. Krishna akasema nina deni, kila uzi nitakulipa. Bibi yangu alikuwa mtu wa duka. Kila Diwali daftari jipya la hesabu linafunguliwa, linapakwa rangi nyekundu, linaombewa. Kwake ile haikuwa miujiza. Ilikuwa deni linalipwa, siku yake imefika, na faida juu.

MPWA: Hicho cha kidole sijakikuta katika nakala ya Pune.

MJOMBA: Wala hutakikuta. Na mimi nawaunga mkono wa Pune, kwa sikio tu. Mtu anavutwa nguo mbele ya wazee walionyamaza, na mtunzi naye hasemi nguo inatoka wapi. Ukimwingiza Krishna pale, ukumbi unapata nafuu. Bila Krishna hakuna nafuu. Fundi aliyeacha pengo lile alijua anachofanya.

JIRANI: Bhishma anyamaze, na huyo mtunzi wenu naye anyamaze? Mwalimu, tulikuwa wasichana sita pale kwenye sinia. Bibi hakuweza kutulaza na kimya cha namna hiyo.

Mpwa alikuwa ameshika kalamu muda wote. Akaiweka.

MPWA: Na lile swali, bibi? Nani alipotea kwanza. Alilijibu?

JIRANI: Hilo hapana. Nguo alitueleza ilikotoka. Swali alituachia sisi, akaenda kuloweka choroko.